Darubini ya kulengea shabaha: tuanze na uthabiti, ukuzaji uje baadaye

Mwanzisha uzi

Ndugu walenga shabaha, kila anapotokea mtu anayeomba ushauri wa darubini ya bunduki, swali linalotangulia huwa ni moja: inakuza mara ngapi? Ninafungua uzi huu nikiwa na msimamo kwamba swali hilo linapaswa kuwa la nne au la tano. Darubini ya kulengea kwa usahihi ina kazi mbili ambazo zikikosekana hakuna uzuri wa kioo unaoweza kuzifidia. Ya kwanza ni kubaki pale pale ilipofungwa, risasi baada ya risasi. Ya pili ni kusogeza alama ya kulengea kwa kiasi kile kile ulichokiagiza unapozungusha kirungu cha marekebisho, kisha kuirudisha ilipokuwa unapokirudisha. Darubini inayokuza mara 40 lakini isiyoweza haya mawili itakuonyesha kwa uwazi mkubwa namna unavyokosa.

Kwanza mtu ajue anashiriki mchezo gani. Mashindano ya bunduki ya mita 50 na ya bunduki ya hewa ya mita 10 yanayosimamiwa na ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, hayaruhusu darubini kabisa, kwa hiyo wanaoyalenga hayo hawahitaji uzi huu. Wanaopiga kutoka mezani wakitafuta kundi dogo kabisa la matundu hupendelea ukuzaji mkubwa usiobadilika, wa mara 36 au 45, kwa sababu umbali wao unajulikana na shabaha haisogei. Wa F-Class, mchezo ulioanzia Kanada, hulala chini na kupiga hadi yadi 1000, nao huhitaji marekebisho mengi ya mwinuko na alama nyembamba isiyofunika kitovu cha shabaha. Wanaopiga shabaha nyingi za umbali tofauti ndani ya muda mfupi huhitaji uwanja mpana wa kuona, na mara nyingi hujikuta wakipiga katika ukuzaji wa kati ya mara 10 na 18 hata kama darubini zao zinafika 25.

Vipimo vya marekebisho viko vya aina mbili. Dakika ya tao, ambayo wengi huiita MOA, ni sehemu moja ya 60 ya digrii, na katika mita 100 ni sawa na sentimita 2.91. Miliradiani, au mil kwa ufupi, ni sentimita 10 kamili katika mita 100, na mil moja ni sawa na MOA 3.44. Hakuna kilicho sahihi kuliko kingine. La msingi ni kwamba alama zilizochorwa ndani ya darubini na virungu vyake vitumie kipimo kimoja. Bado zinauzwa darubini zenye alama za mil na virungu vya MOA, na mimi simshauri mtu yeyote ainunue ya namna hiyo, hata akipunguziwa bei, kwa kuwa atalazimika kupiga hesabu kichwani wakati anapaswa kutazama upepo.

Ukubwa wa hatua moja ya kirungu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Hatua ya mil 0.1 husogeza pigo kwa milimita 5 katika mita 50. Kipenyo cha duara la kumi katika shabaha ya ISSF ya mita 50 ni milimita 10.4, kwa hiyo hatua moja tu inakula karibu nusu ya duara hilo. Kwa umbali huo, darubini yenye hatua ya moja ya nane ya MOA, ambayo ni takriban milimita 1.8, inakuwezesha kuweka kundi katikati kwa utulivu. Lakini ukiichukua darubini hiyo hiyo kwenye uwanja wa umbali mchanganyiko, utazungusha kirungu mpaka upoteze hesabu ya mizunguko.

Kuhusu mahali alama zilipowekwa ndani ya darubini: zikiwa katika bapa la fokasi la kwanza, hukua na kupungua pamoja na picha, hivyo vipimo vyake ni vya kweli katika kila ukuzaji. Zikiwa katika bapa la pili, hubaki na ukubwa ule ule machoni, na vipimo vyake ni vya kweli katika ukuzaji mmoja tu, ambao kwa kawaida ndio wa juu kabisa. Kama ukuzaji huo ni mara 24, basi ukishuka hadi mara 12 ile alama ya mil moja itakuwa imefunika mil mbili. Anayepiga umbali mmoja unaojulikana hana haja ya kulipia bapa la kwanza, tena bapa la pili humpa mstari mwembamba zaidi katika ukuzaji mkubwa.

Kipenyo cha bomba, kiwe inchi moja, milimita 30 au 34, hakiongezi mwanga kama wauzaji wanavyopenda kusema. Faida yake halisi ni nafasi ya ndani, ambayo huruhusu marekebisho mengi zaidi. Kinachofika jichoni hutegemea kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji: lenzi ya milimita 50 katika mara 10 hutoa mduara wa mwanga wa milimita 5, na katika mara 25 hutoa milimita 2. Mchana wa jua mboni ya jicho yenyewe huwa imebana, kwa hiyo hutaona giza kubwa, ila utaona kwamba kichwa kikisogea kidogo tu picha inapotea.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa maelezo, mkuu. Mimi napiga bunduki ya .22, yaani ya risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22, katika mita 50, na darubini yangu haina kirungu cha paralaksi. Kitabu chake kinasema imewekwa kiwandani kwa mita 100. Makundi yangu hutawanyika siku nyingine bila sababu ninayoiona, ilhali risasi ni za toleo lile lile. Je, paralaksi inaweza kuwa chanzo, au ni visingizio vya watu wanaotaka kuuza darubini nyingine?

Mwanzisha uzi

Inaweza, ndugu yangu, na hesabu yake ni nyepesi. Paralaksi hutokea pale picha ya shabaha inapoangukia mbele au nyuma ya bapa la alama za kulengea, kiasi kwamba jicho likihama kutoka katikati, alama nazo huonekana zimehama juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika. Kosa kubwa kabisa linalowezekana ni nusu ya kipenyo cha lenzi ya mbele, mara tofauti kati ya umbali unaopiga na umbali ambao darubini imewekewa, ukigawanya kwa huo umbali iliowekewa. Chukua lenzi ya milimita 40 iliyowekewa mita 100 na kutumiwa katika mita 50: nusu ya 40 ni 20, mara 50, gawanya kwa 100, unapata milimita 10. Hiyo ni kwa kila upande, jicho likiwa ukingoni kabisa mwa mduara wa mwanga. Ni kweli kwamba hakuna anayelenga akiwa ukingoni makusudi, lakini hata robo ya kosa hilo, milimita 2.5, inatosha kukutoa kwenye kumi ambayo ungeipata.

Ndiyo maana makundi yako hutawanyika siku fulani tu. Siku ambazo shavu linakaa mahali pamoja kwenye kitako, kosa lipo lakini ni lile lile kwa kila risasi, hivyo kundi linabaki dogo. Siku ambazo umechoka, au umevaa koti nene zaidi, shavu linahama na kundi linafunguka. Kabla ya kununua chochote, ongeza kipande cha kuinua shavu ili jicho likutane na katikati ya darubini bila shingo kukazana. Ukiwa na uwezo baadaye, tafuta yenye kirungu cha paralaksi kinachoshuka mpaka mita 50 au chini yake, na usiziamini sana namba zilizoandikwa juu ya kirungu hicho. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga bila kuishika, tazama shabaha, tikisa kichwa juu na chini, na urekebishe mpaka alama zisihame.

Hata hivyo, kabla ya kugusa paralaksi, rekebisha lenzi ya jicho. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au anga tupu, mbali kabisa na jua, kisha tazama kwa muda mfupi mfupi huku ukizungusha lenzi ya nyuma mpaka alama zionekane kali pale pale unapofungua jicho. Ukikodoa kwa muda mrefu jicho litajirekebisha lenyewe na kukudanganya. Kazi hii hufanywa mara moja, nayo ikiharibika, kirungu cha paralaksi kitakupa picha kali mahali ambapo paralaksi haijaisha, nawe utailaumu darubini nzima.

Mchangiaji wa pili

Naomba uendelee na namna ya kuifunga. Nimenunua reli ya kukaa juu ya bunduki na pete za kushika bomba la darubini, lakini kila ninayemuuliza ananiambia kaza tu mpaka mkono uchoke.

Mwanzisha uzi

Huo ushauri wa mkono kuchoka umeharibu mabomba mengi. Toa bolti, yaani kifungio cha chemba, hakikisha chemba haina risasi, ndipo uanze.

Reli iliyoenea leo ni ile iliyopewa jina la Picatinny, kutokana na ghala la silaha la jeshi la Marekani lililoko New Jersey, na kiwango chake kilitolewa mwaka 1995. Mifereji yake ina upana wa milimita 5.23 na imepangwa kwa nafasi ya milimita 10.01 kutoka katikati hadi katikati. Reli za Weaver zinafanana nayo kwa mbali lakini mifereji yake ni myembamba, hivyo pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny ilhali pete za Picatinny hazikai kwenye Weaver. Safisha mafuta kwenye matundu ya skrubu za reli, kisha uzikaze kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo alichotaja mtengenezaji.

Kama unakusudia kupiga mbali, chagua reli yenye mteremko wa MOA 20, ambao ni karibu mil 5.8. Darubini yenye jumla ya mil 30 za mwinuko, ikifungwa kwenye reli iliyonyooka, hukuachia takriban 15 za kupanda na 15 za kushuka, na hizo za kushuka hutazitumia maishani. Mteremko huo unazihamisha: unabaki na karibu 21 za kupanda na 9 za kushuka. Kwa anayepiga mita 50 na 100 tu, reli iliyonyooka inatosha.

Pete ziwe fupi kiasi ambacho lenzi ya mbele haigusi mtutu, na kifuniko chake kinafunguka. Unapozikaza kwenye reli, zisukume mbele kuelekea mdomo wa mtutu mpaka zigote kwenye ukuta wa mfereji, kwa sababu bunduki inaporudi nyuma, darubini kwa uzito wake hutaka kwenda mbele, na kama kuna nafasi iliyobaki itasogea hapo. Laza darubini ndani ya pete, funga vifuniko kwa kulegeza, na sasa tafuta umbali wa jicho. Weka ukuzaji wa juu kabisa, lala au kaa kama unavyoshindana, fumba macho, weka shavu, kisha fumbua. Kama unaona kivuli ukingoni, sogeza darubini wala usisogeze shingo. Anayelala chini huwa na kichwa mbele zaidi kuliko aliyekaa mezani, kwa hiyo usipime ukiwa umesimama sebuleni.

Baada ya kuinyoosha, kaza skrubu za pete kwa kupokezana, kidogo kidogo, huku nafasi za pande mbili za kifuniko zikilingana. Watengenezaji wengi hutaja nguvu ya kati ya nyutoni-mita 1.7 na 2 kwa skrubu hizi, nayo ni ndogo kuliko mtu anavyohisi mkononi. Bomba likibanwa kupita kiasi, sehemu za ndani zinazosogeza alama hukwama. Dalili ya mwanzo ni kirungu cha paralaksi kuwa kizito kuliko kilivyokuwa kabla ya kufunga.

Mchangiaji wa tatu

Umesema "baada ya kuinyoosha" kana kwamba ni jambo la kupita. Mimi nina miaka mingi kwenye mchezo huu na naona suala la kunyoosha limekuzwa mno. Mtu ananunua pimamaji tatu, moja juu ya reli, moja juu ya kirungu, moja kwenye bomba, ilhali katika mita 100 hakuna tofauti anayoweza kuiona. Macho yanatosha.

Mwanzisha uzi

Kwa mita 100, mzee wangu, nakubaliana nawe. Sikubaliani nawe kwa umbali zaidi ya huo, na ningependa tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa.

La kwanza ni mstari wa wima wa darubini kutokuwa wima kweli wakati wa kupiga. Hapo kila unapopandisha, unapandisha kwa mshazari. Tuseme umezungusha mil 10 kwa ajili ya mita 1000 na mstari umeinama kwa digrii 3: sehemu ya mil 10 inayokwenda pembeni ni takriban mil 0.52, na katika umbali huo ni sentimita 52. Utadhani ni upepo, utarekebisha, na katika umbali mwingine rekebisho hilo litakuwa baya. La pili ni darubini kuwa wima lakini bunduki yenyewe imeinama chini yake. Kama katikati ya darubini iko sentimita 5 juu ya katikati ya mtutu, digrii 3 huuweka mtutu milimita 2.6 pembeni. Ukishaweka sifuri, yaani kurekebisha darubini ili risasi ipige pale pale alama inapolenga, katika mita 100, kosa litakalobaki katika mita 1000 ni kama sentimita 2.4, dogo kuliko unavyoweza kuligundua.

Kwa hiyo sioni haja ya pimamaji tatu. Ninachosisitiza ni timazi. Ning'iniza uzi wenye uzito mbele kadiri ukumbi unavyoruhusu, weka bunduki kwenye jiriwa au mifuko katika mkao wake wa kawaida, kisha zungusha darubini ndani ya pete mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi. Kaza, halafu tazama tena, maana kukaza kwenyewe huizungusha. Pimamaji moja iliyofungwa kwenye bomba wakati mstari ukiwa juu ya timazi inatosha kwa kazi yote itakayofuata. Pimamaji ya juu ya kifuniko cha kirungu siiamini, kwa kuwa hakuna anayehakikisha kwamba uso wa kifuniko umelingana na alama za ndani.

Mchangiaji wa pili

Imefungwa na timazi imekubali. Sasa nianzie umbali gani kuweka sifuri?

Mwanzisha uzi

Anzia mita 25. Bolti ikiwa nje, chungulia ndani ya mtutu mpaka uone shabaha katikati ya tundu, kisha bila kuigusa bunduki, zungusha virungu mpaka alama za darubini ziangukie shabaha hiyo hiyo. Rudisha bolti, piga risasi moja au mbili, rekebisha, ndipo uende mita 100. Kumbuka kwamba katika mita 25 hatua ya mil 0.1 ni milimita 2.5 tu, kwa hiyo marekebisho ya hapo yatakuwa na hatua nyingi.

Katika mita 100, usifuate kila tundu. Kosa la katikati ya kundi hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya risasi. Ili ulipunguze kwa nusu unahitaji risasi mara nne. Anayeweka sifuri kwa risasi tatu, kesho atapiga tatu nyingine na kuona sifuri "imehama", kumbe haijawahi kukaa popote. Piga kumi, tafuta katikati yake, rekebisha mara moja, kisha uthibitishe siku nyingine. Ukiridhika, legeza kifuniko cha kirungu, kiweke kwenye sifuri bila kuizungusha nguzo yake, na ukaze.

Kisha ipime darubini yenyewe. Tumia timazi kuchora mstari wa wima kwenye karatasi ndefu kupita mita moja, na upime mita 100 kwa futikamba. Ukipima kwa hatua za miguu na shabaha ikawa mita 98, mil 10 zitakuwa sentimita 98 nawe utaituhumu darubini isiyo na kosa. Lenga chini, piga, pandisha mil 10, lenga pale pale, piga tena, kisha rudi sifuri na upige mara ya tatu. Matundu ya juu na chini yaachane sentimita 100, ya juu yawe juu ya mstari, na la tatu lirudi kwa la kwanza. Ikiwa ni sentimita 98 kila mara, una darubini yenye kosa la asilimia 2 linaloweza kuingizwa kwenye programu ya hesabu za risasi, na unaweza kuishi nayo. Isiporudi sifuri, irudishe kwa aliyekuuzia.

Mchangiaji wa tatu

Kuhusu timazi umenishawishi nusu. Lakini kwenye ukuzaji unatuonea sisi wa mezani. Mil 0.1 kwako ni kitu kidogo. Kwetu ni kundi zima na mabadiliko yake. Siwezi kulenga ukingo wa tundu kwa ukuzaji wa mara 15.

Mwanzisha uzi

Sikupingi, na ndiyo maana nilitaja mara 36 na 45 hapo mwanzo. Tatizo la ukuzaji huo ni sarabi: hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini huifanya shabaha ielee, na darubini hukuza mtetemo huo pamoja na shabaha. Nyinyi mnapiga mita 100 au 200 na mnaweza kusubiri hewa itulie. Anayepiga mita 800 saa sita mchana hana anachosubiri, naye akishuka kutoka mara 40 hadi 20 hupoteza ukubwa wa picha lakini hupata alama anayoweza kuiweka mahali. Wengine wa F-Class huitumia sarabi hiyo hiyo kusoma mwelekeo wa upepo, kwa hiyo hawataki ipotee kabisa. Joto la mtutu wenyewe ni jambo jingine: utepe mpana uliotandazwa juu ya mtutu huzuia hewa hiyo isipande mbele ya lenzi.

Mchangiaji wa kwanza

Swali la mwisho, mkuu. Nikiona makundi yamefunguka ghafla, nitajuaje kama kosa ni la darubini, la bunduki, au langu?

Mwanzisha uzi

Kagua kwanza vinavyolegea: skrubu za reli, za pete, na zile zinazoshika bunduki kwenye kitako chake. Chora mstari mwembamba wa kalamu kati ya bomba na pete siku unapofunga, ili uone kama bomba limeteleza. Zote zikiwa zimekaza, funga darubini nyingine ambayo unajua inashikilia sifuri, hata kama ukuzaji wake ni mdogo, na upige risasi za toleo lile lile. Kundi likirudi dogo, umempata mkosaji. Likibaki kubwa, mpe bunduki mwenzako anayepiga vizuri kuliko wewe, na usimwambie chochote kabla hajamaliza.